Ukuta Ambao Kigong'ota Hakuugonga

Ukifungua dirisha asubuhi ukamkuta mwanamke wa miaka sitini na ushei amebandika sikio kwenye ukuta wa nyumba yako, katika mji ule hukuwa na haja ya kushtuka. Ulimsalimia, ukamtolea kiti, ukasubiri hukumu. Mwanamke huyo alikuwa fundi wa plasta. Aligonga kuta za watu kwa mpini wa mwiko wake, ko, ko, ko, kisha akasikiliza kilichojibu kutoka ndani, na kwa sababu hiyo mji mzima ulimwita Kigong'ota, kama yule ndege wa kutoboa magogo. Jina hilo alilipenda kuliko lile lililoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

Alimweleza yeyote mwenye subira kwamba ukuta una tabia za mtu. Plasta iliyoshika vizuri hujibu kwa sauti fupi na nzito, kama mtu aliyeshiba akiulizwa kama ataongezwa. Plasta iliyoachia hujibu kwa sauti pana yenye mwangwi. "Huyu anaongea sana," angesema, na mwenye nyumba angejua kuna kazi. Aligonga kuta za shule, za posta, za kituo cha polisi. Aligonga hata akiwa msibani, katikati ya kilio, akidhani hakuna anayemwona, mpaka wakwe zake wakamfinya.

Ukuta mmoja tu hakuwahi kuugonga, nao ulikuwa wa mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja.

Mdogo wake alikuwa mwokaji. Jengo lake lilisimama pale barabara kuu inapokata kona kuelekea sokoni, jengo refu la chumba kimoja kikubwa na tanuri la matofali nyuma yake, na watu wote waliliita Tanurini tu. Kuta zake zilijengwa miaka thelathini na moja iliyopita na mume wa Kigong'ota, mwashi, ambaye sasa alikuwa marehemu. Plasta aliipiga Kigong'ota mwenyewe, ndani na nje, na juu yake akapaka niru, ule uji wa saruji tupu unaosuguliwa mpaka ukang'aa. Mwokaji alijivunia ukuta ule kuliko mikate yake. Mteja mgeni akisubiri mkate utoke, alishikwa mkono na kupitishwa kiganja ukutani.

"Umeona? Nzi akitua hapa anateleza. Hiyo ni kazi ya dada yangu."

Kigong'ota, kama alikuwapo, alitazama chini na kuuliza bei ya maandazi, ingawa aliijua. Watu wakasema ni unyenyekevu.

Tetemeko lilikuja siku ya Jumanne kabla ya saa sita mchana, na halikudumu zaidi ya muda wa mtu kufunga kamba za viatu vyote viwili. Waliokuwa nje walisema ardhi ilijikung'uta kama ng'ombe anayefukuza nzi. Kigong'ota alikuwa juu ya ngazi uani kwa jirani. Aliona ukuta aliokuwa akiupaka ukimsogelea, ukarudi, ukamsogelea tena, kisha akajikuta amekaa kwenye rundo la mchanga na mwiko mkononi, ngazi imelala upande wa pili, na kimya ambacho hajawahi kukisikia. Hata kuku walinyamaza. Kisha mtu mmoja, mbali, akaanza kuita jina la mtoto wake, na mji wote ukafumbua mdomo.

Watu wanne walizikwa wiki ile. Wengi waliokolewa na saa yenyewe, kwa kuwa walikuwa sokoni, mashambani na uwanjani, si chini ya mapaa. Lakini mji ulibaki kama sahani iliyodondoka ikabaki kwenye kitambaa: vipande vyote vipo, hakuna kinachokamatana na mwenzake. Uwanja wa mpira ulichanika kutoka goli hadi goli, ufa ambao mtu mzima aliweza kuuzamisha mguu mpaka pajani. Maji ya visima yalitoka ya rangi ya chai ya maziwa. Nguzo za umeme ziliegemeana kama walevi. Na kule mlimani, barabara ya pekee ya kuingilia mjini ilikatika mahali patatu, na mahali pa tatu kilima kizima kilivua koti lake la miti na udongo na kulitupa juu ya lami.

Siku ya nne wahandisi watatu walifika kwa miguu, wamebeba mabegi na makopo ya rangi. Waligawana mitaa. Rangi ya kijani mlangoni, ingia ulale. Njano, ingia utoe vitu vyako, utoke. Nyekundu, alama ya kukata, usiingie; tingatinga likifungua barabara litakuja kubomoa, kabla ukuta haujamwangukia mpita njia. Tingatinga lenyewe lilikuwa upande wa pili wa mlima, na kuanzia siku ile mngurumo wake ulisikika kila asubuhi, mdogo kama wa mbu. Kila siku ulikaribia. Watu walishangilia, kwa kuwa nyuma ya tingatinga walijua kuna magari ya unga, dawa na mahema. Mwokaji hakushangilia.

Tanurini ilikuwa imepata nyekundu.

Mhandisi wa mtaa ule alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alitembea kuuzunguka ukuta akatazama nyufa. Zilikuwa mbaya. Kati ya kila dirisha na dirisha zilikatana kama mkasi uliofunguliwa. Alitoa mfukoni rula nyembamba ya chuma, akaichomeka kwenye ufa mmoja kwa ubavu, nayo ikaingia urefu wa kiganja bila kusita. Akatikisa kichwa, akaandika, akachovya brashi. Mwokaji alimuuliza kama tanuri linaweza kupona. Akajibu kwa upole kwamba tanuri limeegemea ukuta, na ukuta umekatika ndani.

Kigong'ota alikuwa amesimama hatua kumi nyuma. Rula ile ilipozama alihisi kama imemwingia yeye chini ya ubavu, maana alijua mara moja ilikwenda wapi. Haikuingia ndani ya ukuta. Iliteleza nyuma ya plasta, kati ya tabaka na tabaka, mahali pasipotakiwa kuwa na nafasi hata ya karatasi.

Siri yenyewe ilikuwa hivi. Plasta nzuri hupigwa mara mbili. Tabaka la kwanza likianza kukauka, fundi huchukua ubao wenye misumari na kulichana mistari mistari, ili la pili lipate pa kung'ang'ania. Kisha hulimwagia maji, ndipo analipiga la pili. Hata mtoto wa fundi anajua. Lakini miaka thelathini na moja nyuma, mdogo wake alikuwa ametangaza siku ya kufungua, amealika mtaa mzima, amekwisha kukanda unga, amewasha tanuri kulijaribu, na ukuta umepata joto na kukauka kama mfupa. Mumewe alipita na toroli akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chana kwanza." Yeye alikuwa na miaka thelathini na tatu na mikono myepesi kuliko fundi yeyote wa mji ule, na hakupenda kuambiwa. Hakuchana. Alipiga tabaka la pili juu ya la kwanza lililo laini na kavu, akalifunika kwa niru, akalisugua mpaka taa zikajiona. Wageni wakaja, wakapiga makofi. Wiki mbili baadaye, alipokuwa peke yake mle ndani, aligonga mara moja tu. Ukuta ukamjibu kwa sauti pana.

Mumewe hakuwahi kuuliza. Tabaka la pili likabaki limening'inia pale, limeshikwa na fremu za milango na madirisha na sakafu, kama shuka lililobanwa pembeni, miaka thelathini na moja. Lilingoja ardhi itikisike.

Unaweza kudhani kwamba alikwenda siku ileile akasema. Hakwenda. Alirudi nyumbani kwake, nyumba ya njano, akakaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajiambia kwamba huenda amekosea. Kwamba mhandisi amesoma na yeye hakumaliza darasa la saba. Kwamba akisema na ukuta ukamwangukia mtu, damu itakuwa juu yake. Hizo zilikuwa sababu nzuri, na alizipanga vizuri. Chini yake kulikuwa na sababu nyingine ambayo haikupangika: kwamba katika maisha yake yote hakuwa na shamba wala elimu, alikuwa na jina tu, na jina hilo lilikuwa limepakwa kwenye ukuta ule likang'aa.

Siku mbili zikapita. Mngurumo wa mlimani ukawa wa nyuki, kisha wa pikipiki.

Kilichomtoa kwenye ndoo ile ni foleni ya maji. Pale kisimani kulikuwa na mwashi mmoja, mtu wa sauti kubwa na kazi nyingi, aliyeitwa Fundi Tambo, na mbele ya watu kama ishirini alikuwa akieleza kwa nini Tanurini imepasuka. Alisema marehemu alikuwa mtu wa watu, Mungu amrehemu, lakini saruji alikuwa akiuonyesha mchanga tu kwa mbali, kisha anairudisha kwenye mfuko. Watu wakacheka, kwa kuwa walikuwa hawajacheka siku sita. Mwokaji alikuwa kwenye foleni hiyohiyo, na ndoo mbili. Alisema shemeji yake hakuwa mwizi wa saruji.

"Basi ukuta umepasuka kwa aibu?" Fundi Tambo akauliza.

Mwokaji akaweka ndoo zake chini. Aligeuka kumtafuta dada yake kwa macho, ili amsaidie, na macho yao yakakutana, na Kigong'ota akatazama ndani ya ndoo yake.

Alibeba maji yake mpaka nyumbani. Njiani hakumwaga hata tone, ndivyo alivyokuwa akitembea kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba kitu kingine. Mume aliyemwambia mara moja tu, bila kelele, jambo la kweli, alikuwa amelala kaburini akichekwa kwa kosa ambalo si lake. Aliweka ndoo chini. Akachukua nyundo na tindo, akachomeka mwiko wake kiunoni, akafunga kitambaa kichwani, akapiga moyo konde, akatoka.

Alimkuta yule mhandisi kijana mbele ya Tanurini, kwa kuwa alikuwa pale na wenzake wakipanga tingatinga lipite wapi. Kesho yake mchana, walikadiria, lingekuwa mjini. Mwokaji alikuwa kando ya barabara akikusanya mabati ya kuokea, ambayo watu wa kujitolea walikuwa wamemtolea nje kwa ndoana ndefu. Watu wengine walikuwa wamesimama kwa sababu siku zile kila mtu alisimama mahali. Fundi Tambo hakukosekana.

Kigong'ota aliwasalimia wote, akamwendea kijana.

"Injinia, ukuta huu haujakatika. Iliyopasuka ni plasta, na plasta ni yangu. Niliipiga vibaya."

Kijana akavua kofia ngumu, akajifuta paji la uso. Alimwambia kwamba anamheshimu kama mama yake, lakini ana majengo mia mbili na kumi na mbili, na kila mwenye nyekundu amemwambia kwamba la kwake ni plasta tu.

"Na wangapi wamekuambia kwamba wao ndio walioharibu?"

Kijana akaitazama tena ile alama nyekundu.

"Dada," mdogo wake akasema, "unasema nini mbele za watu?"

Basi akawaambia. Alisimama na nyundo mkono mmoja na tindo mkono mwingine, akaeleza habari ya ubao wa misumari, na joto la tanuri, na wageni waalikwa, na yale maneno mawili ya mumewe. Hakujipunguzia. Alipofika kwenye ile siku aliyogonga ukuta peke yake, hakuiruka. Alimaliza kwa kusema kwamba marehemu alijenga ukuta wa kuzaliwa nao na kufa nao, na anayetaka kumcheka amcheke yeye, yuko hapa, ana masikio.

Hakuna aliyecheka. Fundi Tambo aliangalia viatu vyake.

Mwokaji alikuwa ameshika bati kifuani kama ngao. Uso wake ulibadilika mara nyingi kwa muda mfupi.

"Miaka thelathini na moja," akasema polepole. "Miaka thelathini na moja nawashika watu mikono. Nawapitisha viganja kwenye ngoma tupu."

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Mpaka mkaguzi wa afya nimempitisha."

"Nilikuwapo."

"Ungeniambia. Ningekasirika mwezi mmoja, yangeisha." Kwa kitambo ilikuwa hasira kweli, ya ndani, ya ndugu. Kisha akaliweka bati chini. "Sasa nitakasirika baadaye. Huo ukuta unasimama au hausimami?"

"Unasimama."

"Injinia, umesikia?"

Injinia alisikia, lakini hakuwa mtu wa kuchukuliwa na maneno. Alisema sauti si ushahidi. Kigong'ota akamwomba basi aisikilize hiyo sauti kwanza, halafu akatae. Akampeleka kwenye pembe ya mbele ya jengo, akiwa nje, akagonga kwa mpini wa mwiko. Bum. Akasogea mahali karibu na ardhi ambapo plasta ilikuwa imeshavunjika na tabaka la kwanza limejitokeza, akagonga hapo. Ko. Akamkabidhi mwiko. Kijana akagonga juu, akagonga chini. Akabandika sikio, kofia yake ikamzuia, akaivua tena. Watu waliona uso wake ukibadilika kama wa mtu anayesikia lugha ambayo hajawahi kuisoma ila anaielewa.

Alifikiri kidogo, kisha akaweka masharti. Watu wote warudi nyuma hatua ishirini. Kazi ifanyike nje tu, ukuta wa mbele tu. Magogo yaegemezwe kwanza, na yeye mwenyewe ashike ngazi. Likisogea hata jiwe, kila mtu aondoke na rangi ibaki ilivyo. Kigong'ota akasema hayo ni masharti ya mtu mwenye akili.

Magogo yalipatikana kwenye paa lililoanguka la jirani. Yalipokwisha kukazwa, akapanda. Alichagua mahali ufa ulipokata ukingo wa dirisha, akachomeka tindo kwa ubavu, kama rula ilivyoingia, akapiga mara moja, si kwa nguvu.

Kipande chenye ukubwa wa mlango kikashuka chote. Kiliteleza chini kwa mlio mrefu, kikavunjika miguuni mwa ngazi, na vumbi likapanda. Injinia hakuachia ngazi. Vumbi lilipotulia watu wakaona ukuta mwingine, wa kijivu, uliolala humo ndani bila kuzeeka. Juu yake kulikuwa na alama za mwiko wa fundi mwenye haraka, zikipishana kama mabawa, laini, bila mchano hata mmoja. Na hapakuwa na ufa. Pale palipokuwa na mkasi mkubwa wa nyufa, tabaka la kwanza lilikuwa zima.

Kigong'ota alizitazama alama zile. Alizijua kama mtu anavyojua mwandiko wake. Alikuwa amefikiri siku zote kwamba zikionekana atakufa kwa aibu. Badala yake alihisi mabega yake yakishuka, kama aliyetua mzigo bila kujua kwamba alikuwa ameubeba mpaka alipoutua.

"Toa na hili la kwanza," injinia akasema kutoka chini. "Mstari mmoja tu. Nataka kuona tofali."

Hilo la kwanza halikutoka kwa kupigwa mara moja. Lilikuwa limeng'ang'ania kama mtoto shingoni mwa mama. Ilimchukua karibu saa nzima kuchimba mfereji wa upana wa kiganja, kutoka juu ya dirisha hadi chini, kwa mikono ya miaka sitini na nne, na mara mbili watu walimwomba ashuke apokewe, akakataa. Tofali zilipotokea, injinia akapanda ngazi ya pili. Akaingiza ukucha kwenye maungio. Akaingiza rula, ikagoma. Akafuata mkanda wa zege unaozunguka jengo juu ya madirisha, akaugonga kwa nyundo ndogo huku ameinamisha kichwa, na watu wakaona kwamba tayari alikuwa akisikiliza kama Kigong'ota.

"Nani alijenga ukuta huu?" akauliza.

"Mume wangu."

"Alikuwa anachanganya saruji kiasi gani?"

"Nyingi. Tuligombana kwa sababu hiyo."

Hapo ndipo watu walipocheka, kicheko kikubwa cha kuachia pumzi, na mtu mmoja nyuma akamuuliza Fundi Tambo kama amesikia vizuri au arudiwe.

Walifanya kazi mpaka jua likaelekea kuzama, na asubuhi yake wakaanza tena. Sasa injinia aliruhusu watu wanane kwa zamu. Mwokaji alikuwa wa kwanza, ameshika nyundo ya kupondea kama mchi, akiangusha ule ukuta aliojivunia nusu ya maisha yake, na kila kipande kilipodondoka alimwambia dada yake kitu. Mara ya kwanza maneno yalikuwa makali. Kufika kipande cha kumi yalikuwa ya utani. Kufika cha ishirini walikuwa wakibishana kuhusu nani alimvunjia mama yao kioo mwaka ule, na hilo likawachukua ukuta mzima wa upande wa sokoni.

Mahali pamoja tu kazi ilisimama. Nyuma, kwenye pembe, kulikuwa na stoo ya unga iliyoongezwa miaka minane iliyopita. Plasta yake ilikuwa nzuri na ufa wake ulikuwa mmoja, mwembamba, ambao injinia angeupita. Kigong'ota aligonga. Akagonga tena chini zaidi. Akabandika sikio.

"Hii imekufa," akasema. "Haikufungwa kwenye ukuta wa zamani. Imeegeshwa tu. Mtu asipite hapa."

Mdogo wake akamnong'oneza kwamba wakinyamaza, stoo nayo itapata kijani. Kigong'ota akasema amekwisha kunyamaza vya kutosha. Injinia akachimba kidogo, akakuta kweli: pembe ile ilikuwa imesimama kwa mazoea tu. Akauliza nani aliijenga. Watu wakageuka wote kwa pamoja. Fundi Tambo alikohoa, akasema siku ile nondo zilikuwa adimu. Kisha, na hili lihesabiwe upande wake, akavua shati, akaingia kwenye zamu ya kubeba vifusi, na mpaka jioni hakusema neno, jambo ambalo wengi walilihesabu kama tetemeko la pili.

Tingatinga liliingia mjini alasiri ile. Lilikuja likitambaa barabara kuu, la njano, limejaa tope la mlimani mpaka kwenye taa, na nyuma yake malori sita. Watu walikimbia kando yake wakipiga makofi. Dereva alikuwa na karatasi yenye orodha, na ya kwanza kwenye orodha ilikuwa Tanurini. Akalielekeza bamba lake la kusukumia mbele ya jengo lililovuliwa plasta yote, la tofali tupu, akashangaa. Injinia alikuwa amesimama mlangoni, kopo la rangi mkononi. Alama nyekundu ilikuwa haipo tena, kwa kuwa niru iliyoibeba ilikuwa chini, vipande vipande. Akachora kijani moja kwa moja juu ya tofali, alama ndefu, ya mtu asiye na shaka. Kisha akamwonyesha dereva ile pembe ya nyuma, na tingatinga likazunguka, likaisukuma stoo mara moja, nayo ikalala chini. Ukuta wa zamani haukudondosha hata punje.

Mwokaji aliwasha tanuri kwa mikono iliyojaa vumbi. Unga ulishushwa kutoka kwenye lori la pili. Mikate ya kwanza ilitoka haijaumuka sawasawa, mingine imekaa upande, na watu waliila ingali ikitoa mvuke, kwenye barabara yenye nyufa, bila sahani, bila kusubiri zamu. Dereva wa tingatinga alikula mitatu. Walimwita Kigong'ota aketi, akasema atakaa akishanawa. Hakunawa. Injinia alikuwa amemfuata na daftari lake, akasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyekuja kuomba ruhusa.

Alisema ana nyekundu nyingine arobaini na tatu katika mitaa ile, na dereva amekubali kusubiri siku tatu kabla ya kugusa hata moja. Alisema hajui ngapi zitapona. Labda tano, labda ishirini. Alisema shuleni hawakumfundisha kusikiliza.

"Utanifundisha, mama?"

Kigong'ota alimtazama, akatazama mikono yake mwenyewe iliyochubuka, akatazama barabara iliyopanda kuelekea mitaa ya juu, ambako watu walikuwa wamekaa nje ya nyumba zao wakiziangalia kama wagonjwa. Akamwambia jambo la kwanza ni kuvua hiyo kofia. La pili, akikosea, aseme siku ileile.

Wakaondoka, yeye mbele, injinia nyuma yake, na nyuma ya injinia watu wakazidi kuongezeka, kwanza wenye nyumba, kisha majirani zao, kisha mafundi, hata Fundi Tambo na shati lake begani. Kwenye nyumba ya kwanza, ya mwalimu mstaafu, mkewe alifungua geti kabla hawajabisha. Kigong'ota alimsalimia, akauliza habari za watoto, akapitisha kiganja ukutani polepole. Mtaa wote ukasogea karibu. Akainua mwiko.

Ko.

"Haya," akamwambia injinia, "njoo usikie mtu aliyeshiba."